Kiti kimoja, wagombea 48: hesabu ya kura ya Alaska iliyowachanganya wengi

Karatasi ya kura waliyopewa watu wa Alaska tarehe 16 Agosti 2022 ilikuwa na pande mbili, na kila upande ulikuwa na kanuni yake. Upande mmoja ulimtaka mpiga kura ajaze kiduara kimoja tu kwa kila nafasi. Upande wa pili ulikuwa na jedwali: majina ya wagombea yakishuka, namba zikienda kulia, na mpiga kura akatakiwa awapange, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Majina makubwa matatu yalikuwepo pande zote mbili. Aliyegeuza karatasi bila kusoma maelekezo angeweza kudhani anaulizwa swali lilelile mara mbili.

Halikuwa swali lilelile. Jedwali lilikuwa la uchaguzi mdogo, wa kumpata mtu wa kumalizia miezi michache iliyobaki ya mbunge aliyefariki. Upande mwingine ulikuwa mchujo wa kuelekea uchaguzi wa Novemba, wa muhula kamili wa miaka miwili. Kiti kilekile, siku ileile, kanuni mbili. Wiki mbili baadaye, matokeo ya lile jedwali yalipotangazwa, Mdemokrati alikuwa amelitwaa jimbo ambalo Donald Trump, wa chama pinzani cha Republican, alilishinda mwaka 2016 na tena 2020. Tom Cotton, seneta wa Arkansas, akasema hadharani kwamba mfumo huo wa kupanga wagombea ni utapeli.

Mimi nauona uchaguzi huu kuwa darasa zuri kuliko mengi ninayoyajua kuhusu kura, kwa sababu takwimu zake ziko wazi hadi kura ya mwisho, na kwa sababu waliolia wizi na waliosifu mfumo kupita kiasi wote waliruka sehemu muhimu ya hesabu. Tuifungue polepole.

Tuanze na kiti chenyewe. Baraza la Wawakilishi la Marekani lina viti 435, na vinagawanywa kwa idadi ya watu, si kwa ukubwa wa ardhi. Alaska kwa ardhi ni kubwa mno: chukua Tanzania, iunganishe na Kenya, bado hujaifikia. Kwa watu ni ndogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 733,391, ambao hawafiki hata wakazi wa kaunti ya Mombasa. Ndiyo maana ina kiti kimoja tu katika Baraza hilo, sawa na Vermont, Wyoming, Delaware na zile Dakota mbili. Sisi kwa Kiswahili tunatumia neno moja, jimbo, kwa maana ya eneo la ubunge na kwa maana ya zile sehemu 50 zinazounda Marekani. Alaska ni mahali ambapo neno hilo halimkosei mtu kwa maana yoyote: jimbo lote ni jimbo moja la ubunge.

Kiti kimoja maana yake ni kwamba mtu mmoja akikikalia vizuri, kizazi kizima cha wanasiasa kinasubiri nje. Don Young, Mrepublican, alikikalia kwa miaka 49. Alikuwa mwalimu wa shule huko Fort Yukon, kijiji kilicho juu ya Mzingo wa Aktiki, na nahodha wa boti mtoni kabla ya kuingia bungeni Machi 1973. Alifariki tarehe 18 Machi 2022 akiwa na miaka 88, ndani ya ndege, akiwa safarini kurudi nyumbani.

Na alivyokipata kiti hicho ni kisa ambacho lazima tukisimulie, maana kinarudi baadaye. Mwaka 1972 Young alimpinga mbunge aliyekuwepo, Mdemokrati Nick Begich. Tarehe 16 Oktoba, wiki chache kabla ya kura, ndege ndogo iliyombeba Begich pamoja na Hale Boggs, kiongozi wa walio wengi katika Baraza, iliondoka Anchorage kwenda Juneau. Haikufika. Ilitafutwa kwa siku 39 na haijapatikana hadi leo. Wapiga kura walimchagua Begich hivyo hivyo, hajulikani aliko, na Young akashindwa na mtu aliyepotea. Begich alipotangazwa rasmi kuwa amefariki, ukaitishwa uchaguzi mdogo. Machi 1973 Young alimshinda Emil Notti, rais wa kwanza wa shirikisho la wenyeji wa asili wa Alaska, kwa tofauti ya kura zisizofika 2,000. Kura hizo chache ndizo zilizotenganisha Alaska na mbunge wake wa kwanza kutoka kwa watu walioishi pale kabla ya Mrusi na Mmarekani.

Kiti cha Baraza la Wawakilishi kikibaki wazi, gavana hana ruhusa ya kumteua mtu. Katiba ya Marekani inamtaka aitishe uchaguzi, basi. Kwa Seneti, lile baraza jingine la bunge la Marekani, mambo ni tofauti, majimbo mengi humruhusu gavana kuteua mtu wa kushikilia, na Alaska wenyewe wanakumbuka Desemba 2002, gavana mpya Frank Murkowski alipokijaza kiti cha Seneti alichokiacha mwenyewe kwa kumteua binti yake, Lisa. Kwa kiti cha Young njia hiyo haikuwepo.

Miaka miwili kabla ya hapo, Novemba 2020, wapiga kura wa Alaska walikuwa wamebadilisha kanuni zao kwa kura ya maoni, na pendekezo lilipita kwa tofauti ya kura zisizofika 4,000. Mabadiliko yalikuwa mawili. Kwanza, vyama havifanyi tena michujo yao pembeni: wagombea wote wa vyama vyote na wagombea binafsi wanawekwa kwenye orodha moja, kila mpiga kura anachagua mmoja, na wanne wa juu wanavuka. Pili, katika uchaguzi wenyewe mpiga kura anawapanga hao wanne kwa namba. Kifo cha Young ndicho kilichofanya kanuni hizo zitumike kwa mara ya kwanza, na kwa haraka.

Kiti kilichofungwa kwa miaka 49 kikifunguka, usitarajie foleni fupi. Walijitokeza wagombea 48. Alikuwemo Sarah Palin, gavana wa zamani aliyejiuzulu 2009 na aliyegombea umakamu wa rais mwaka 2008. Alikuwemo mjumbe wa baraza la mji wa North Pole ambaye jina lake la kisheria ni Santa Claus. Na alikuwemo Nick Begich wa tatu, mjukuu wa yule aliyepotea na ndege. Ukoo wake ni wa Wademokrati, ami yake Mark aliwahi kuwa seneta kupitia chama hicho, lakini yeye alisimama kama Mrepublican, na chama cha jimbo kikamuunga mkono. Trump alimuunga mkono Palin.

Mchujo ulifanyika Juni kwa njia ya posta. Palin alipata asilimia 27, Begich 19, Al Gross, mgombea binafsi, karibu 13. Wa nne, kwa asilimia 10 tu, alikuwa Mary Peltola, Mdemokrati, Myup'ik, yaani wa kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Alaska, aliyekulia vijiji vya kando ya mto Kuskokwim na aliyewahi kuwa mbunge wa Bethel katika bunge la jimbo kwa miaka 10. Siku chache baada ya mchujo Gross akajitoa. Wengi walidhani wa tano, Tara Sweeney, Mrepublican, angepandishwa kuchukua nafasi yake, lakini muda uliowekwa na sheria kwa jambo hilo ulikuwa umepita, na Mahakama ya Juu ya Alaska ikakubaliana na idara ya uchaguzi. Wakabaki watatu: Warepublican wawili na Mdemokrati mmoja.

Hapa ndipo hesabu inapoanza. Namba za kwanza zilipojumlishwa, Peltola alikuwa na kura 75,799, Palin 58,973, Begich 53,810. Kwa asilimia, 40, 31 na 28 na kidogo. Hakuna aliyevuka nusu. Kanuni inasema wa mwisho anaondolewa, na kila karatasi iliyompa yeye namba 1 inaangaliwa tena: namba 2 amepewa nani?

Fikiria mpiga kura mmoja wa Fairbanks. Amempa Begich namba 1. Akisogea safu ya pili, ana njia tatu. Anaweza kumpa Palin, Mrepublican mwenzake. Anaweza kumpa Peltola, kwa kuwa Palin hamtaki hata kidogo. Au anaweza kuacha wazi, akasema mtu wangu ni huyu mmoja, wengine shauri yao. Akiacha wazi, kura yake haihamii kwa yeyote. Imehesabiwa katika duru ya kwanza, ila sasa imeishia njiani.

Kura 53,810 za Begich ziligawanyika hivi: 27,053 zilienda kwa Palin, 15,467 zikaenda kwa Peltola, 11,290 zikaishia njiani. Jumlisha mwenyewe. Peltola alifika 91,266, Palin 86,026. Tofauti, kura 5,240.

Matokeo hayo yalisubiriwa kwa siku 15, kwa sababu sheria ya Alaska inazipa kura za posta kutoka ng'ambo muda huo wa kufika, na idara ya uchaguzi haikutaka kuhamisha namba za pili kabla kura zote za kwanza hazijaingia. Kwa nchi zetu, ambako kila saa ya ukimya wa tume huzaa uvumi mpya, siku 15 ni umri mzima. Tarehe 31 Agosti matokeo yakasomwa hadharani. Siku hiyo Peltola alikuwa anatimiza miaka 49. Alizaliwa 1973, mwaka uleule ambao Young aliingia bungeni na Notti akakosa.

Sasa lile dai la wizi. Walalamikaji walisema: Warepublican wawili kwa pamoja walipata karibu asilimia 60, iweje Mdemokrati ashinde? Swali ni halali, ila jibu halimo kwenye mfumo wa kupanga. Ondoa jedwali, rudisha kanuni ya kawaida ambayo wa kwanza ndiye mshindi hata kwa kura moja: Peltola ndiye aliyekuwa wa kwanza, anashinda kwa asilimia 40. Tumia kanuni ya duru ya pili kama ile ya urais wa Kenya, wawili wa juu wakarudi ulingoni baada ya wiki kadhaa: wawili hao ni Peltola na Palin, yaani pambano lilelile ambalo zile karatasi zilikwisha kulijibu. Kwa kanuni zote tatu tunaangukia kwa mtu mmoja, isipokuwa kama watu wangebadili mawazo katikati.

Wapo waliohamia kwenye zile kura 11,290. Wakasema hizo ni zaidi ya mara mbili ya tofauti, kwa hiyo watu walichanganyikiwa na ushindi ukapotelea humo. Hili nalo tulipime. Katika wafuasi wa Begich waliojaza namba 2, Palin aliwapata karibu 64 katika kila 100. Tuseme wale walioacha wazi wangejaza kwa uwiano huohuo. Palin angeongeza kama 7,180, Peltola kama 4,110. Faida ya Palin ni kura 3,070 hivi, na alihitaji zaidi ya 5,240. Asingefika. Ili afike, karibu robo tatu ya walioacha wazi wangelazimika kumchagua, na mtu aliyeona jina la Palin mbele yake akakataa kuweka wino hata kwenye safu ya pili sioni kwa nini tumhesabu kuwa ni wake.

Waswahili wangesema vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kwa kweli Palin na Begich walirushiana maneno kampeni nzima, kila mmoja akimtaka mwenzake ampishe. Methali inaeleza nusu. Nusu nyingine ni Peltola mwenyewe. Alikuwa ameongoza tume ya makabila inayosimamia uvuvi wa mto Kuskokwim, na alizungumza kuhusu samoni kila alikokwenda, wakati ambapo samoni wa mito ya Yukon na Kuskokwim walikuwa wamepungua kiasi kwamba familia za kandokando ya mito hiyo zilikatazwa kuvua chakula chao. Kaulimbiu yake baadaye ikawa samaki, familia na uhuru, na samaki ndio waliotangulia. Hakumtukana Young, ambaye alikuwa rafiki wa baba yake. Mrepublican aliyemchoka Palin hakuona aibu kumwandika mwanamke huyu namba 2. Watu 15,467 walifanya hivyo, na bila wao hapakuwa na ushindi.

Baada ya kuutetea mfumo, niseme ulipokosea, maana hapo ndipo pana jambo zito zaidi na ndipo pasiposemwa sana. Alaska ilichapisha rekodi ya kila karatasi, bila majina. Wataalamu wa hesabu wakaichambua na kuuliza: wangepambana wawili wawili, nani angemshinda nani? Peltola anamshinda Palin, hilo tumeliona. Begich anamshinda Palin kwa mbali, kwa karibu asilimia 61. Na Begich anamshinda Peltola pia, kwa zaidi ya asilimia 52. Yaani mtu ambaye angemshinda kila mmoja ana kwa ana ndiye aliyeondolewa wa kwanza. Wafuasi wengi wa Palin walimwandika wa pili, na wafuasi wengi wa Peltola nao wangemvumilia kuliko Palin, lakini namba 2 za watu hawa hazikuwahi kufunguliwa, kwa sababu wagombea wao hawakuondolewa. Mtu wa katikati hubanwa pande zote mbili. Anapendwa na wengi kwa nafasi ya pili, na nafasi ya pili haihesabiwi ukiwa umeshatolewa.

Kuna jambo linaloumiza kichwa zaidi. Palin alimzidi Begich kwa kura 5,163 katika duru ya kwanza. Kama wafuasi wake wapatao 5,200 waliomwandika Begich namba 2 wangebaki nyumbani siku ile, Palin angeondolewa yeye, kura zake zingemiminika kwa Begich, na Begich angemshinda Peltola. Kwa kwenda kupiga kura, wakampata mgombea waliyemweka chini kabisa. Hakuna aliyewachezea. Ni mpangilio wa kuwaondoa wagombea tu, na hali kama hii haitokei mara nyingi, lakini hapa ilitokea, na mtu anayetaka mfumo huu uenee ni haki aijue. Kosa hilo hata hivyo silo walilolilia waliosema kwamba Palin ameibiwa. Palin ndiye aliyemzuia Begich.

Novemba mwaka huohuo watatu hao walikutana tena, na wa nne mdogo akiwemo, na safari hii Peltola akashinda kwa asilimia 55 baada ya duru zote. Mtu anayekikalia kiti ana uzito wake hata akiwa amekikalia kwa miezi miwili. Mwaka 2024 Warepublican walikuwa wamejifunza: Nancy Dahlstrom, naibu gavana, aliposhika nafasi ya tatu katika mchujo alijitoa ili Begich asigawane kura na mtu. Begich akashinda kwa asilimia 51 na kitu, na Januari 2025 mjukuu akala kiapo cha kiti ambacho babu yake alikishinda akiwa hajulikani aliko. Siku hiyohiyo ya Novemba 2024 pendekezo la kuufuta mfumo wa kupanga lilishindwa kwa tofauti ya kura zisizofika 800 katika jimbo zima.

Alaska haikuwa ya kwanza kuutumia mfumo huu kwa kiti cha Kongresi, yaani bunge la Marekani. Maine ilitangulia mwaka 2018, na mji wake wa Portland unachagua meya kwa njia hii tangu 2011. Nalitaja kwa sababu Portland ina wakazi wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda, na waliopata uraia miongoni mwao wanapanga wagombea kwa namba sanduku likifika. Jedwali hili si la watu wa mbali peke yao.

Ila kama ungeniuliza ni kitu gani katika uchaguzi huu wote kilistahili hasira, nisingekuonyesha jedwali. Ningekurudisha kwenye ule mchujo wa Juni wa posta. Bahasha ya kura ilihitaji saini ya mpiga kura na saini ya shahidi, na karatasi iliyokosa saini ya shahidi ilitupwa nje ya hesabu. Sheria haikutoa nafasi ya kumrudishia mtu bahasha arekebishe. Kura zaidi ya 7,000 zilikataliwa kwa sababu hii na nyingine za aina yake, na vijiji vya magharibi, vile vya kina Peltola, ambako Kiyup'ik bado ni lugha ya nyumbani kwa wengi na barua huja kwa ndege ndogo hali ya hewa ikiruhusu, viliumia kuliko Anchorage. Watu hao hawakuchanganywa na namba 1 wala namba 2. Mchujo haukuwa na namba. Walichagua mtu mmoja, wakafunga bahasha, wakaituma, na hakuna jirani aliyekuwa ameweka saini pembeni.